Injini ya Muzee Munguakonkwa

Jumatatu, 12 Septemba

Balaa! Muzee amepiga simu kutoka Bukavu. Anafika Jumamosi kwa boti la asubuhi, na Jumapili anakwenda Sake kwa gari lake, akiendesha mwenyewe, kwenye kaburi la mke wake, marehemu Mama Mwavita, kama kila mwaka. Aliuliza gari linaendeleaje. Nikamwambia linapumzika. Si uongo. Tangu Julai halijasogea hata hatua moja.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siwezi. Baba mkwe wangu, Muzee Munguakonkwa, dereva mstaafu wa shamba la chai, aliniachia gari lake kwa amri mbili: niliwashe kila Jumamosi, na lisitoke uani. Hata hivyo hakutaka kuniachia. Mapendo, mke wangu, ndiye aliyeniombea ufunguo. Alimwambia baba yake kwamba mimi, Cirimwami wa sasa, si yule wa zamani. Alitoa neno lake kwa ajili yangu. Mimi nikaenda na gari Kibumba kubeba viazi. Magunia sita! Biashara ya uhakika. Wakati wa kurudi kitaa kidogo chekundu kikawaka mbele yangu. Kiliniumiza macho, nikakibandika picha ya Bikira Maria. Tulipofika Kanyaruchinya injini ikalia kama mbuzi, ikakwama. Haikuwa na tone la oili.

Mapendo anadhani gari liko chini ya paa la mwenzangu wa kazini, kwa sababu ya mvua. Kumbe liko Lac Vert, katika garaji ya Kaswera, fundi mwanamke kutoka Butembo, ambaye ameifumua injini yote na kuifunga upya. Nilimlipa kwa viazi. Vile vile vya Kibumba.

Leo nilipotoka kazini (mimi ni karani wa ghala la saruji) nilikwenda kuiona. Imefungwa! Inang'aa! Nikaomba tuiwashe papo hapo. Kaswera akakataa. Akasema injini iliyotoka kufungwa haiwashwi kama jiko. Kwanza njia za maji zisafishwe. Kisha oili ipande hadi juu kabla ya moto wowote. Kisha, siku ya kuwasha, dakika ishirini nzima mguu ubaki kwenye pedali bila kulegea, la sivyo vyuma vipya vitalana. Hiyo ni Ijumaa, si kabla.

“Papa Cirimwami,” akaniambia, “hii motere ulishaiua mara moja. Wacha.”

Mama huyu hana heshima kwa wateja. Ijumaa! Siku moja tu kabla ya boti!

Jumanne, 13 Septemba

Nimepata wazo.

Kaswera alisema maji ya ziwa hayafai kwenye radieta, yana chumvi na yanaacha ukoko mweupe ndani. Anataka maji safi. Nikajiuliza: maji gani ni safi kuliko maji ya baraka? Mapendo ana kidumu cha lita tano kilichobarikiwa Pasaka parokiani. Anakificha chini ya kabati, nyuma ya sufuria za sikukuu. Injini inasafishwa, na hapo hapo inalindwa! Fundi wa kawaida hawezi kufikiria jambo kama hilo.

Nikakipeleka saa ya chakula. Kaswera hakuwepo. Nikamimina yote, huku nikisali Salamu Maria tatu. Akarudi, akauliza nani ametia maji. Nikasema ni mimi, tena si maji ya kawaida. Hakuuliza zaidi. Akafungua bomba la chini akayatoa yote, akisema ya kwanza ni ya kusukutulia tu, lazima yatoke na kutu. Akayakinga kwa chombo kilichokuwa karibu. Kidumu changu!

Hapo nikapata mtihani. Maji yaliyobarikiwa hayamwagwi ovyo, hata mtoto wa katekisimu anajua. Niyamwage pale, kwenye oili na vumbi la volkano? Roho yangu ilikataa. Nikayachuja kwa leso, nikayarudisha nyumbani, nyuma ya sufuria. Kiasi ni kile kile. Kidumu chenyewe ni cha manjano, rangi ya ndani haionekani.

Jambo lingine linanitesa. Nimeokota bolti chini ya gari. Ninayo mfukoni. Kama ni ya injini, basi kuna mahali ndani haipo. Nikimwonyesha Kaswera atafumua kila kitu upya, na Ijumaa itapita. Nisipomwonyesha, labda injini itapasuka na Muzee yumo. Nimefikiri sana. Nimeamua kutomwonyesha.

Jumatano, 14 Septemba

Sikujua kwamba Mapendo hunyunyizia nyumba maji ya baraka kila baba yake anapokuja. Miaka tisa ya ndoa, sikujua! Huwa nakuwa kazini.

Leo alifua mapazia meupe, akayatundika, akachovya tawi, akanyunyiza. Niliporudi nilimkuta amekaa chini katikati ya sebule, tawi mkononi. Mapazia yote yalikuwa na madoa mekundu mekundu, kama mtu ametikisa kidonda.

“Mu hii nyumba kuko kitu kimefichwa,” akasema.

Nikasema labda ni paa linavuja. Akasema mvua haijanyesha. Nikasema labda ni mjusi.

Kama vile hiyo haitoshi, akaingia Barthélemy. Huyu ni mume wa Exaucée, dada mkubwa wa Mapendo. Ni dereva wa ofisi fulani, shati lake lina mkunjo wa pasi hata siku ya kufyeka majani. Akayatazama mapazia, akapapasa doa kwa kidole kimoja, akasema kwa upole mkubwa kwamba kwake maji ya baraka hayajawahi kugeuka rangi. Nilitamani kumvalisha pazia kichwani.

Mapendo amemwita Mama Kanyere, kiongozi wa shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya kikristo. Kesho saa kumi akina mama watakuja kuiombea nyumba. Sijala. Nimeishika bolti mpaka imepata joto.

Alhamisi, 15 Septemba

Walikuja kumi na mmoja. Rozari nzima, nyimbo nne. Kisha Mama Kanyere akanyanyua pazia, akatuonyesha madoa, akasema Mungu hachafui nguo alizofua mtu bila sababu. Kuna mmoja hapa anabeba jambo. Alitoe, nyumba ipone kabla Muzee hajafika. Kila mtu atasema lake.

Mapendo alisema amewahi kumkasirikia jirani kwa sababu ya kuku. Exaucée alisema anavaa viatu vya dada yake bila kuomba. Barthélemy alisema amejichunguza na hakuona kitu. Kisha wote wakanigeukia. Jasho! Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo kusema gari. Lakini nilimwona Mapendo ananitazama kwa matumaini makubwa, nikaogopa, nikatoa dhambi nyingine iliyokuwa karibu. Nikasema ni mimi niliyemnong'oneza mwalimu wa kwaya amtoe Barthélemy kwenye ile solo ya Pasaka.

Barthélemy akaanza kulia! Akanikumbatia na shati lake lote la pasi. Akasema miezi yote hii alidhani ni sauti yake. Akasema amenisamehe, tangu leo sisi ni ndugu wa tumbo moja, na hataniacha peke yangu. Kesho yuko likizo. Tutakwenda pamoja kulichukua gari la Muzee na kuliosha, bega kwa bega!

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Kanyere akasema nyumba imepona. Mapendo alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema alimwambia baba yake kwamba nimebadilika, na sasa kila mutu amejionea. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Ndugu wa tumbo moja! Kesho namtoroka vipi?

Ijumaa, 16 Septemba

Niliomba ruhusa kazini, nikamwambia Barthélemy anisubiri Katindo saa tatu. Saa tatu kasorobo nilikuwa Lac Vert.

Kaswera alitoa buji zote nne, zile zinazopiga cheche, ili injini izunguke bila kuwaka. Akasema nizungushe kwa ufunguo, kidogo kidogo, naye atazame juu kama oili inapanda. Nikazungusha. Hakuna. Tukapumzisha batri. Nikazungusha tena. Hakuna. Mara ya tatu, hakuna! Nikaiona bolti machoni, nikaona Muzee anawaka barabarani, nikashindwa kuvumilia. Nikaruka nje nikiwa nimeinyanyua, nikapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Kaswera aliigeuza, akaiangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Ni ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ya mleta makaa! Tangu Jumatatu yule bwana anasukuma mzigo gurudumu likitikisika, akimlaumu kila mtu garajini. Siku nne nimebeba bolti ya chukudu.

Mara ya tano oili ikapanda. Niliiona kwa macho yangu inachuruzika juu ya vyuma, ya dhahabu, safi. Nusura nilie. Kaswera akarudisha buji, akakagua maji, akakagua petroli, akajifuta mikono polepole kama padri.

“Washa,” akasema.

Ikawaka! Ikawaka mara moja! Nikapiga kelele, nikataka kuruka nje nimkumbatie. Kaswera akafoka: mguu! Mguu ubaki palepale! Nikabaki.

Dakika ya nne simu ikalia. Mapendo. Nisipoipokea atamtuma mtu kunitafuta. Nikaipokea. Akauliza kelele ni za nini. Nikasema niko kwenye mashini ya kusaga. Akauliza nafanya nini huko. Nikasema namtafutia Muzee unga. Akafurahi, akasema basi nilete kilo kumi za muhogo. Mguu wangu ulikuwa umeanza kutetemeka.

Dakika ya tisa akaingia Barthélemy. Na mkate mkononi! Amechoka kunisubiri Katindo, akaamua kupita kuuliza gurudumu la gari la ofisi yake, linalotengenezwa hapa hapa kwa Kaswera. Katika Goma nzima, hapa! Nikateleza kutoka kitini mpaka chini ya usukani, kichwa kwenye mlango, mguu kwenye pedali. Pedali ikashuka zaidi. Injini ikapiga ukunga. Kaswera akapiga ukunga. Barthélemy akainama dirishani, akanikuta nimejikunja sakafuni, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasikiliza injini kutoka chini.

Akatazama meza. Pistoni za zamani zilikuwa zimepangwa pale, nyeusi, zimechubuka. Yeye ni dereva. Kwa bahati mbaya si mjinga. Akaelewa yote, akangoja mpaka dakika ya ishirini akitafuna mkate wake bila haraka. Kisha akasema ndugu hamwaibishi ndugu, atanyamaza. Ila Jumapili, kiti cha mbele karibu na Muzee ni chake.

Kiti cha mbele! Miaka mitano nimekaa mimi. Hapo ndipo Muzee anapokupa karanga kutoka mfukoni mwake. Nikakubali.

Kaswera alimwaga oili ya kuwashia, akatia mpya, akasema gari lisizidi hamsini kwa saa mpaka vyuma vizoeane. Akaniangalia usoni, akasema nimwambie mwenye gari. Nikasema bila shaka. Nikasahau unga.

Jumamosi, 17 Septemba

Muzee amefika salama. Amepungua. Shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Alilisalimia gari kabla ya kunisalimia mimi, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo kwa muda. Nilipumua kwa pua moja. Akasema ni safi. Hakuliwasha. Barthélemy akadakia kwamba tumeliosha pamoja, bega kwa bega, huku akinikonyeza. Nilimjibu kwa jicho ambalo padri asingelipenda.

Mapendo aliuliza unga wa muhogo uko wapi. Nikasema mashini iliharibika.

Jumapili, 18 Septemba

Sina hamu ya kuandika lakini nitaandika.

Baada ya misa ya kwanza tuliingia garini. Muzee kwenye usukani, Barthélemy mbele akiwa amekaa kama gavana, nyuma mimi, Mapendo na Exaucée na maua magotini. Muzee akageuza ufunguo. Ikawaka papo hapo, laini, kimya, unasikia hata ndege. Nilijipongeza moyoni. Niliona wiki nzima ya mateso inageuka kuwa ushindi.

Muzee akaizima. Akaiwasha tena. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Akaizima.

“Hii haiko motere yangu,” akasema.

Akasema yake ilikuwa inagonga. Tok, tok, tok, tangu mwaka yeye na mkewe walipohamia Sake. Mafundi wanne walitaka kuondoa mlio ule, akawakatalia wote. Marehemu aliusikia tangu kwenye kona ya shamba, anaweka maji ya bugali motoni, na yeye akiingia uani anamkuta mlangoni na mwiko. Miaka ishirini na saba. Hata mwaka jana, akipita kona ile na mlio ule, kwa dakika moja anasahau kwamba hakuna mtu mlangoni. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, akitazama mbele, mikono kwenye usukani.

Nikasema yote. Kibumba, viazi, kitaa chekundu, Kaswera, kidumu, mapazia. Nililia. Exaucée akalia. Barthélemy akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti cha mbele. Mapendo hakulia.

“Ulinifanya nimudanganye papa,” akaniambia. Hilo tu, na njia nzima mpaka Sake alitazama dirishani. Sijawahi kuona safari ndefu kama ile.

Kaburini Muzee alinipa kazi ya kung'oa majani kwa mikono. Niling'oa yote, hata yale ya kaburi la jirani. Wakati wa kurudi akasimama Lac Vert, akashuka, akampa Kaswera mkono, akamwambia kazi yake ni nzuri sana. Nyumbani akaniita pembeni. Akasema mimi ni mutoto wake, chuma ni chuma, kilichoondoka hakirudi. Anataka kitu kimoja tu: nisimdanganye tena. Na gari lile, mutu asiliguse. Akatoa karanga mfukoni akanipa. Chache, lakini alinipa.

Nimeahidi mbele ya Mapendo, mkono juu. Nimekuwa mtu mwingine. Nausikia uzito umeniondoka mwilini.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimepata wazo.

Muzee ananihuzunisha. Asubuhi hakumaliza chai. Alisema lisiguswe, ni kweli, lakini aliyasema hayo akiwa na majonzi, na mtu mwenye majonzi hasikilizwi neno kwa neno. Tok, tok, tok! Ni kitu kidogo sana. Nimetazama video tatu. Juu ya injini kuna vijiskrubu, ukivilegeza kidogo vyuma vinaanza kugongana. Mlio huo huo! Anasikia, anafurahi, Mapendo ananitazama tena. Nilimpigia Kaswera nipate ushauri. Akasema yeye anatengeneza, haharibu, na akakata simu. Wivu wa kifundi.

Nilipotoroka kazini saa nane, Muzee alikuwa amelala. Mapendo alikuwa sokoni. Nilifungua kifuniko, nikalegeza kimoja, nikawasha. Tik, tik. Kama saa ya ukutani. Nikalegeza kingine. Tik, tak. Tunakaribia! Nikavilegeza vyote vizuri, mizunguko miwili miwili, nikawasha.

Tok, tok, tok, tok.

Naapa ilikuwa yenyewe! Mlango ukafunguka, Muzee akatoka na kiatu kimoja, uso wake umefunguka kama wa kijana. Hakunitazama mimi. Alitazama upande wa jiko.

Kisha kitu kikaruka ndani. Klang! Ikapiga mara mbili, ikakohoa moshi, ikanyamaza kabisa. Mlio wa mwisho ulikuwa wa kipande kinachobingirika chini ya gari.

Muzee alisimama pale na kiatu chake kimoja. Akaniuliza taratibu nani amegusa motere. Spana ilikuwa mkononi mwangu. Oili ilikuwa mpaka kwenye viwiko. Nikakumbuka ahadi yangu ya jana, yote, neno kwa neno.

Nikamwambia kwamba Barthélemy ametoka hapa sasa hivi.